Shamba dogo linataka mbuzi mdogo wa maziwa

Mwenye robo eka ya majani hahitaji mbuzi wa kilo 70. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaokuja kutafuta mbegu kwangu huanza kwa kuuliza nani anauza Saanen halisi, yule mweupe mrefu wa Uswisi, ilhali nyumbani wana kipande cha matete kando ya mfereji na kingo mbili za majani ya gwatemala. Mbuzi hula kwa kadiri ya mwili wake. Kwa siku anahitaji chakula kikavu cha asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake, na majani mabichi sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mbuzi wa kilo 70 atataka kama kilo 14 za majani mabichi kila siku, na wa kilo 35 ataridhika na nusu yake. Sasa fikiria mwezi Septemba, majani yamekauka bondeni na mzigo unapandishwa mlimani kichwani. Anayeubeba huwa ni mama, au mtoto aliyerudi shule na njaa. Ukinunua mbuzi, nunua ukimfikiria mtu huyo.

Sisi tunafuga Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru mkoani Morogoro, mahali ambapo shamba la mtu ni matuta ya kabichi, karoti na njegere yaliyoning'inia juu ya mto. Hakuna malisho ya kuachia mifugo. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway waliletwa huku miaka ya 1980 kupitia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na baridi ya milimani iliwafaa. Tangu hapo kaya nyingi zimepandisha mbuzi wao wa kienyeji kwa madume ya damu ile, na humo ndimo alimotoka mbuzi ninayempenda kuliko wote: chotara wa kilo 35 hadi 40, miguu mifupi, mkavu wa kwato, hachagui majani.

Mbuzi wetu wa kienyeji peke yake ni mdogo, kilo 25 hadi 30, na maziwa yake yanaishia kwa watoto wake. Chotara akilishwa vizuri anatoa lita moja, hata moja na nusu, na bado watoto wake wanakua. Kuna wanaotaka kupandisha damu ya kigeni kila kizazi mpaka wafike kwenye mbuzi halisi. Mimi nasimamia nusu hadi robo tatu. Zaidi ya hapo maziwa huongezeka, ndiyo, lakini pumba, mashudu na dawa vinaongezeka pia, na minyoo inamwangusha upesi kuliko chotara. Familia inayokunywa chai ya maziwa asubuhi na kumpa mtoto uji wa maziwa jioni inatoshelezwa na chotara wawili wanaopokezana kuzaa. Maziwa hayo yachemshwe, tafadhali. Ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosi, hupita kwenye maziwa mabichi na kumwingia binadamu, na homa yake ni ya muda mrefu.

Unapochagua jike, mwombe mwenyewe amkamue ukiwa hapo. Kiwele kizuri kikishakamuliwa hunywea kikawa laini kama mfuko mtupu. Kikibaki kinene na kizito vilevile, hicho ni kiwele cha nyama, kinadanganya macho. Papasa pande zote mbili ukitafuta uvimbe mgumu, maana huko ndiko kiwele kilikowahi kuugua. Chuchu ziwe mbili, zinazolingana, zinazoingia kwenye kiganja. Matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi uone kama yana mabonge. Vile vining'inio viwili vya shingoni ambavyo watu huvisifu sokoni havina uhusiano wowote na maziwa.

Lakini jike mmoja ni jike mmoja. Beberu anaingia kwenye zizi lako lote, na katika miaka michache nusu ya damu ya mbuzi wako ni yake. Yeye hana maziwa ya kukuonyesha, hivyo nenda ukamwone mama yake, na dada zake kama wapo. Ukiambiwa mama alishauzwa zamani na hakuna aliyeandika alichokuwa akitoa, tafuta beberu mwingine. Kwa jike mdogo wa kienyeji anayezaa mara ya kwanza, simpi kabisa dume halisi kubwa: mtoto anaweza kuwa mkubwa kuliko njia. Humpa beberu chotara kwanza. Uzao wa pili nyonga zimekwisha kufunguka, hapo dume kubwa linaweza kutumika.

Kuna jambo la pembe ambalo ningependa kila mfugaji alijue. Wengi wetu tunapenda mbuzi asiye na pembe, hachomi wenzake wala watoto wa nyumbani, na mtu akipata jike kipara anamtafutia beberu kipara. Hapo ndipo huntha wanapozaliwa. Kwa mbuzi wa asili ya Ulaya, kurithi ukipara kwa baba na kwa mama pamoja huvuruga uumbaji wa jike. Wazazi wote wawili wakiwa vipara, kwa wastani robo ya watoto waliopaswa kuwa majike wanatoka si jike si dume. Kwa nje anaonekana mtoto wa kike, unamlea, unamnenepesha, unamsubiri apate joto, naye hapati. Ukimtazama kwa makini chini ya mkia tangu mapema, utaona kinundu kilichochomoza kwenye uke, na baadaye ataanza kunuka na kupanda wenzake kama dume. Huyo hazai maisha yake yote, ni wa nyama. Kinga yake haigharimu kitu: mmoja kati ya wazazi awe na pembe. Jike kipara kwa beberu mwenye pembe, au kinyume chake. Nimewaona watu wakilaumu mchawi, maji na majani, na kumbe beberu wa kikundi alikuwa kipara na majike karibu wote vipara.

Tukiwa bado kwa beberu: mwenye mbuzi wawili au watatu asinunue wake. Dume mmoja anatosha majike 25 bila shida, na kumlisha kwa ajili ya kazi ya siku chache kwa mwaka ni hasara. Unganeni kaya kadhaa, mmoja amtunze, wanaoleta majike wachangie pumba na dawa. Kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa, abadilishwe na beberu wa kikundi cha kijiji kingine. Kupandisha binti kwa baba yake kunaleta watoto dhaifu na kilema, na huonekana polepole, kizazi hadi kizazi, mpaka zizi zima limedumaa. Na banda lake liwe mbali na mahali pa kukamulia, kwa sababu maziwa hunyonya harufu.

Jike hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na hukaa nalo siku moja au moja na nusu. Utamjua: anapiga kelele bila njaa, anatingisha mkia mfululizo, uke umekuwa mwekundu na una ute, maziwa yanapungua siku hiyo. Mpeleke kwa beberu ndani ya muda huo, na baada ya siku 21 angalia tena. Asiporudia, hesabu siku 150. Mbuzi wa Ulaya huko kwao hupata joto majira ya vuli ya kwao tu. Huku karibu na ikweta wanapata mwaka mzima, kwa hiyo wewe ndiye unayepanga. Mimi hupandisha Juni na Julai ili wazae mvua za vuli zimeshaanza, majani yanachipua, na maziwa yaende mpaka masika. Mtamba, yaani jike mchanga ambaye hajazaa, asipandwe kwa kuhesabu miezi peke yake. Afike kwanza theluthi mbili za uzito wa mama yake.

Miezi miwili ya mwisho acha kumkamua, kiwele kipumzike. Watoto hukua zaidi wakati huo, mara nyingi ni wawili, na tumbo lake halina tena nafasi ya majani mengi. Mpe majani laini ya lusina au kaliandra, pumba kidogo kila siku, na jiwe la chumvi liwepo muda wote. Mwenye mimba kubwa anayekataa kula, akijitenga na kusimama kichwa chini, ni wa kumwitia mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Siku ya kuzaa haihitaji kubahatisha. Weka vidole viwili pande zote mbili za shina la mkia. Siku zote unahisi mishipa miwili migumu iliyokazana. Siku ya kuzaa ikikaribia inalegea hadi vidole vinakaribia kukutana, na pale juu ya mkia pananywea. Ukikuta hivyo asubuhi, usiende Nyandira sokoni, kaa nyumbani. Tandika nyasi kavu. Kwa kawaida vinatangulia vikwato viwili vya mbele na pua imelala juu yake. Akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kinachotokea, ita mtu anayejua. Mtoto akishatoka, futa pua na mdomo, acha mama amrambe, paka kitovu ayodini, kisha hakikisha amenyonya dang'a, maziwa yale ya kwanza, mapema iwezekanavyo, zisipite saa sita tangu azaliwe. Pacha mdogo husukumwa pembeni. Mshike mwenyewe, mfungue mdomo, mkamulie tone kwenye ulimi mpaka umsikie anavuta. Vidume vya kuuza vihasiwe, au vitenganishwe na dada zao wakifika miezi mitatu, kwani kidume cha miezi minne kinaweza kutia mimba.

Banda liinuliwe kama mita moja, sakafu ya mabanzi yenye upenyo wa sentimita moja na nusu, samadi idondoke chini na kwenda kwenye karoti. Baridi ya ukungu wetu si tatizo, upepo na unyevu ndivyo vinavyoua kwa mapafu. Na kwa sisi wakulima wa mboga: majani ya kabichi yaliyopulizwa dawa usimpe mbuzi kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Mtu anayekunywa maziwa yale ni mwanao.

Kila wiki mbili funua kope la chini la kila mbuzi. Likiwa jekundu, sawa. Likiwa jeupe, minyoo inanyonya damu, mpe dawa yeye, si lazima zizi zima, maana minyoo inayozoeshwa dawa huwa haifi tena.

Na nunua daftari. Tarehe ya kupandishwa, beberu nani, ana pembe au hana, amezaa wangapi, mwezi wa kwanza na wa tatu anatoa kiasi gani. Mtamba wa kubakiza zizini mchague kwa kurasa hizo, hata akiwa ndiye mdogo na mwenye rangi isiyopendeza. Ukimuuzia jirani mtamba, mwandikie ukurasa wa mama yake aende nao.