Usinicheke, nataka kujifunza kufua

Juzi kuna mdogo wangu mmoja, msomaji wa siku nyingi, kanitumia meseji ndefu. Amepata chumba, anaenda kuanza maisha yake, kupika anajua, kufagia anajua, hela yake ameshajipanga nayo, ila nguo hajawahi kufua, hata soksi, na nyumbani anaona aibu kuuliza maana ameshakuwa mkubwa. Akamalizia na "kaka naomba usinicheke". Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili mitatu ya haraka haraka lakini hayo maneno ya mwisho yakanigusa, kwa hiyo nimeamua kuliandikia kabisa, najua hayuko peke yake na najua hicho kicheko anachokiogopa kikoje.

Mimi nimekua nguo zangu zinafuliwa. Naiacha chafu kwenye kapu, baada ya siku chache naikuta kabatini imekunjwa, sikuwahi kuuliza imefikaje pale. Aliyekuwa anafua ni dada yangu mkubwa. Hakuna aliyewahi kuniita akaniambia njoo ukae hapa pembeni ya beseni utazame, yaani sio kwamba nilikataa, hakuna aliyenifundisha, na ukishapita umri fulani watu wanachukulia tu kwamba unajua. Nikawa mtu mzima, nikaanza kazi, bado nguo zinafuliwa. Sasa siku moja tukabishana mimi na dada, mbele ya watu, jambo lenyewe lilikuwa la kifamilia wala halihusiani na nguo hata kidogo, nikatoa hoja yangu vizuri tu, yeye akanijibu "wewe wa kuniambia mimi nini, hata boksa zako nafua mimi". Ukumbi mzima ukacheka. Hoja yangu ikafia pale pale. Tumeshasameheana na tunaongea vizuri, lakini nikisema sijaumia mpaka leo nitakuwa nadanganya.

Ndo maana nakwambia mdogo wangu, hilo beseni ni zaidi ya nguo. Mtu akishika kapu lako la nguo chafu ameshika na siri zako na siku akitaka atazitumia.

Nikahamia kwangu. Sitawachosha na siku za mwanzo, nilinunua beseni mbili, ndoo, sabuni, kamba na vibanio, basi. Kilichonisaidia kweli kweli ni mama mmoja jirani, anafua nguo za familia nzima, nikamfuata nikamwambia mama shikamoo, naomba nikae nikutazame unavyofua. Hakucheka. Akanivutia kigoda. Nikategemea atanionyesha jinsi ya kufikicha, nikashangaa muda mrefu hajagusa maji kabisa, anageuza tu nguo moja moja, anapekua mifuko, anafunga zipu, anaangalia kola, anaangalia makwapa, anatupa huku, anatupa kule. Nilipomuuliza akasema "kazi ndo hii, huko kwenye maji ni kumalizia". Na nilipojaribu kusugua doa kwa nguvu zangu zote akaniondoa mkono, "acha kuigombeza, iloweke uende zako".

Hayo mawili ndo ushauri wangu wote kwa kweli, mengine yote humu ni kuyarudia. Tenga, loweka.

Tenga kwanza. Nyeupe peke yake, nyeusi na za rangi kali peke yake, taulo na mashuka peke yake kwa sababu zinatoa manyoya na ni nzito, na nguo laini peke yake. Nguo mpya ya rangi usiiamini hata kidogo mpaka uijaribu, chukua kitambaa cheupe kibichi, kibonyeze kwenye mshono wa ndani usioonekana, ukikuta kimeshika rangi ujue hiyo inachuja na inafuliwa peke yake. Watu wanaliruka hili kwa sababu ya haraka afu wanalaumu sabuni.

Halafu soma lebo. Nakwambia soma lebo! Kile kikaratasi kinachowasha shingoni ambacho wengi tunakikata, pale pameandikwa kila kitu kwa picha. Kibeseni maana yake inafulika kwa maji, ndani yake kuna namba ya nyuzijoto za mwisho au nukta, nukta moja ni 30, mbili 40, tatu 50, nne 60. Ukiona mkono ndani ya beseni hiyo ni ya mkono, mstari chini ya beseni ni kwamba mashine iende taratibu, mistari miwili taratibu zaidi. Pembetatu inahusu jiki na dawa za kung'arisha, mraba ni kukausha, na mraba wenye duara ndani ni ile mashine ya kukaushia. Pasi ni pasi tu, nayo ina nukta zake, moja ni kama 110, mbili 150, tatu 200. Chochote kilichopigwa mkasi juu yake, yaani alama ya X, usifanye. Wanaozisimamia hizo alama ni chama cha kimataifa kinaitwa GINETEX, walianzia Paris mwaka 1963, kwa hiyo lugha hiyo ya picha ipo zamani kabla wengi wetu hatujazaliwa na bado watu wazima wanavaa nguo hawajui shingoni pameandikwa nini. Mimi nilijifunza zote na najivunia, nikinunua nguo sasa hivi naangalia lebo kabla ya bei.

Tuje kwenye maji na sabuni. Hapa ndo nilipenda kabisa hii kazi maana nilianza kuelewa kwa nini. Sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, ule wa mafuta unang'ang'ania uchafu, ule wa maji unauvuta utoke, na hiyo kazi inahitaji muda, ndo maana yule mama aliniambia niloweke niende zangu. Nusu saa inatosha kwa nguo nyingi. Usilaze usiku kucha nguo ya rangi, itachuja, na maji yakikaa sana yananuka na nguo inanuka nayo.

Sabuni nyingi haisafishi zaidi, hili niliambiwa nikabisha mpaka nilipoona mwenyewe. Povu jingi linakufurahisha macho lakini usiposuuza likaisha linabaki kwenye nyuzi, nguo inakuwa ngumu, nyeupe inafifia na uchafu mpya unashika haraka. Kama maji yako ni ya chumvi, yaani yale magumu yenye kalisi na magnesi nyingi, sabuni ya mche itakutengenezea utando wa kijivu, hapo tumia ya unga au ya maji. Suuza mpaka maji yatoke masafi, sio mpaka uchoke.

Sasa madoa. Damu, jasho, maziwa, yai, vyote hivyo vina protini na protini ikikutana na maji ya moto inaiva ndani ya kitambaa, haitoki tena. Maji baridi kwanza, daima. Doa la mafuta ndo linataka uvuguvugu na sabuni moja kwa moja juu yake kabla hujaloweka. Sabuni nyingi za unga siku hizi zina vimeng'enya vinavyokatakata hizo protini, wazo lenyewe la zamani sana, Mjerumani mmoja anaitwa Otto Röhm alipata hataza yake, yaani hati ya kumiliki ubunifu, mwaka 1913 kwa kutumia vimeng'enya vya kongosho za wanyama. Nilivyosoma hilo nikaelewa kwa nini kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu kunashinda kuchemsha, joto kali linaviua hivyo vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Maji ya 60 yaachie mashuka na taulo za pamba, hasa kama kwako kuna mtu ana aleji, maana hapo hata wale wadudu wadogo wa vumbi wanakufa.

Na jiki. Naomba hapa unisikilize kama mtu wa damu yako. Jiki usiichanganye na siki, usiichanganye na dawa ya choo, usiichanganye na kitu chenye amonia, inatoa gesi ya sumu na inaweza kukuumiza mapafu ukiwa kwenye kibafu kidogo kisicho na dirisha. Ni kwa pamba nyeupe tu, imechanganywa na maji kwanza, isiguse sufu, hariri wala nguo inayovutika. Yale makwapa ya njano kwenye mashati meupe mengi yanatokana na jasho kukutana na aluminiamu iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho, ukimwagia jiki yanaweza kuzidi njano. Yaloweke na sabuni yenye vimeng'enya, sugua taratibu kwa brashi laini, rudia. Nina shati jeupe nililoanza nalo kazi, mpaka leo nikilivaa watu wanauliza nimelinunua lini. Nalifua mimi, kwa mikono hii.

Wenye mashine msijione mmemaliza. Mashine haitengi, mashine haisomi lebo, ukiijaza mpaka mlango unafungwa kwa goti nguo hazipati nafasi ya kugeuka na zinatoka na sabuni yake. Acha nafasi ya kiganja chako juu. Jinzi na za rangi nyeusi zigeuze ndani nje. Nguo za mazoezi nazo zigeuze, polyesta inashika mafuta ya mwili na ile harufu kuliko pamba, na wala usiziwekee softena, ile dawa ya kulainisha nguo, inazipaka utando harufu inabaki humo humo. Taulo vilevile, ukiizoesha softena inaacha kunyonya maji.

Sweta ya sufu ndo mtihani. Nyuzi za sufu zina magamba madogo sana, ukiweka maji ya moto na ukaifikicha yale magamba yanakamatana na nguo inarudi, na ikisharudi hivyo huwezi kuivuta ikawa kama zamani. Maji baridi au vuguvugu kidogo, sabuni laini, ibonyeze bonyeze tu, usiikamue kwa kuinyonga, ikunje kwenye taulo kavu uikandamize, halafu ilaze pahali tambarare. Ukiitundika uzito wa maji unaivuta inakuwa gauni.

Kuanika nako watu wanadharau. Kung'uta nguo kwa nguvu kabla hujaiweka kwenye kamba, mikunjo nusu inaisha pale pale. Shati libane kwenye pindo la chini, mabegani vibanio vinaacha alama. Nyeupe jua ni rafiki yake, ya rangi igeuze na uiweke kivulini maana jua linapausha. Na usiache nguo mbichi kwenye beseni ukaenda kulala, harufu itakayotoka hapo ni ya bakteria na utairudia kuifua yote.

Sasa niseme na wengine maana huyu kijana ameshapata yake. Wewe mzazi, wewe dada mkubwa, wewe kaka, unayemfulia mtu ana miaka kumi na kitu mikono yake mizima, unadhani unampenda, mwite akae kwenye kigoda. Msichana na mvulana, wote. Umfundishe kutenga, umfundishe kusoma lebo, umwachie beseni. Usisubiri siku umekasirika ndo umkumbushe mbele ya watu kwamba ulimfulia. Na nyie mnaocheka mtu mzima akiuliza sabuni inawekwa kiasi gani, mnamfanya anyamaze, na akinyamaza anabaki tegemezi kwa mtu mwingine maisha yake yote, mnapata faida gani? Yule mama jirani angenicheka siku ile ningerudi ndani na nisingetoka tena kuuliza. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wana vyeo vyao, wana majumba yao, akiachwa na mwenza wiki moja anavaa nguo zinanuka jasho na hakuna anayethubutu kumwambia. Jifunzeni. Kama una nguo unavaa, kuzifua kunakuhusu, haijalishi una hela ya kumlipa mtu au huna, kwa sababu hata ukilipa utajuaje kama amesuuza?

Mdogo wangu, usianze na rundo lote. Anza na soksi, boksa na fulana za pamba, hizo zinavumilia na zitakuzoesha mkono, mashati yafuate ukishajua sabuni yako inatoa povu kiasi gani. Tenga hata kama ziko nne. Uliniuliza pia kuhusu lile koti lako la sherehe, ulisema lebo yake ina duara lenye herufi P ndani na kibeseni kimepigwa mkasi. Hilo ni la kufuliwa bila maji na fundi mwenye dawa zake, duara maana yake ndo hiyo, kwa hiyo mpelekee dobi mwenye mashine ya hiyo kazi na umwonyeshe lebo kabla hajalipokea. Usilijaribu nyumbani hata kwa maji baridi. Suti yangu mimi nayo naipeleka huko huko.