Kuichambua 123,456,789 kwa kalamu na karatasi

Ukitakiwa kutafuta vigawo tasa vya 123,456,789, usianze kuigawa kwa kila namba tasa unayoikumbuka. Ukishaitoa 3, kigawo tasa kinachofuata ni 3,607, na kabla ya kukifikia kuna mamia ya namba tasa za kujaribu bure.

Anza kwa kujumlisha tarakimu: unapata 45, kwa hiyo namba inagawanyika kwa 9 na jibu ni 13,717,421. Jumlisha tena, unapata 26. Hapo 3 imekwisha. Wengi hukosea hapa: huitoa 3 mara moja wakaendelea, ilhali imo mara mbili. Tarakimu ya mwisho ni 1, basi 2 na 5 hazimo.

Namba 7, 11 na 13 zijaribu kwa mkupuo, kwa kuwa zao lake ni 1,001. Kata namba makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana: 421 − 717 + 13 = −283. Kwa kuwa 283 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu, zote zimeondoka kwa hesabu moja.

Sasa tumia njia ya Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17: tafuta mraba ambao ukiutoa namba yetu, kinachobaki nacho ni mraba. Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3,703 na sehemu. Panda hadi 3,704. Mraba wake ni 13,719,616, na ukitoa namba yetu inabaki 2,195. Mraba wowote unaoishia na 5 huishia na 25, kwa hiyo hii itupe papo hapo. Ongeza moja: mraba wa 3,705 ni 13,727,025, tofauti ni 9,604, nayo ni mraba wa 98. Basi vigawo ni 3,705 − 98 na 3,705 + 98, yaani 3,607 na 3,803. Uzuri ulioje, jaribio la pili tu!

Wepesi huo unatokana na vigawo hivyo kukaribiana. Vikiachana mbali, njia hii hurefuka kupita kiasi. Ndiyo maana vigawo vidogo huondolewa kwanza.

Usiziite tasa kabla ya kuzihakiki. Kwa 3,607 inatosha kujaribu namba tasa hadi 59, kwa 3,803 hadi 61. Tena unaanzia 17, maana zilizo chini yake zilishakataa kuigawa 13,717,421. Kila mara linabaki baki, kwa hiyo zote mbili ni tasa.

Basi 123,456,789 = 3² × 3,607 × 3,803. Idadi ya vigawo vyake vyote, si tasa tu, hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kipeo na kuzidisha: 3 × 2 × 2 = 12. Jumla ya vigawo hivyo ni (1 + 3 + 9) × (1 + 3,607) × (1 + 3,803), yaani 13 × 3,608 × 3,804 = 178,422,816. Kikokotoo cha tarakimu nane hakiingizi jibu hilo lote, kwa hiyo zidisha kwa mkono.