Mwenge wanachonga bila shule, chuo kinaongeza nini? Jibu la niliyepitia

Mdogo wangu, umeuliza mawili kwa mpigo. Kwanza, umechaguliwa kusoma sanaa chuo kikuu na unataka kujikita kwenye uchongaji, lakini mjomba wako anasema pale Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, watu wanachonga vinyago vya maana bila cheti, kwa hiyo miaka mitatu ni ya kupoteza. Pili, ukiangalia hiyo "sanaa ya kisasa" unaona vyuma chakavu na madude usiyoyaelewa. Mimi nimemaliza mwaka juzi. Nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe, na nitakuwa mrefu, wenye haraka wapite tu.

Nianze na mjomba, maana hajakosea sana. Mikono sikuipata chuoni. Muhula wa kwanza tulikuwa ishirini na kitu na patasi sita, mbili kati ya hizo butu. Ndipo nikaanza kwenda Mwenge kila Jumamosi, kwa mzee mmoja wa Kimakonde aliyekubali nikae pembeni yake nipige msasa. Miezi miwili mizima nilikuwa mtu wa msasa. Mpingo si mti wa kujifunzia. Ni mzito hadi ukiutupa majini unazama, na patasi usiyoinoa sawasawa inateleza juu yake kama unapiga jiwe. Nje una mbao nyeupe inayokaribia njano, ndani ndiyo kiini cheusi, na mzee alikuwa anabakisha makusudi kipande cha ule weupe chini ya kinyago, mnunuzi aone kuwa hakuuziwa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu.

Siku aliyonipa kipande changu mwenyewe nilichora mtu kwa penseli, uso unanitazama, nikaanza na pua. Mzee akaniacha hadi pua ikaonekana. Halafu akakichukua kile kipande, akakigeuza, akaniuliza: "Huyu nyuma hana?" Basi. Akarudi kwenye kazi yake.

Jirani yake kulikuwa na ujamaa mmoja mrefu kama wa kunifika kifuani, ile nguzo ya watu waliobebana. Nikaanza kutafuta mbele yake ni wapi. Unaanza na kichwa cha mtoto, unafuata mkono wake, mkono unaishia kwenye bega la mama, bega linakupeleka kwenye mgongo wa mtu mwingine, na wewe mwenyewe bila kujua umeshazunguka. Nilizunguka mara tatu. Haina mbele. Mwaka wa pili mwalimu alitufundisha jambo hilohilo kwa picha za ukutani na maneno mengi, nikawa namkumbuka mzee na swali lake moja.

Kwa hiyo kama unachotaka ni kujua kuchonga, mjomba yuko sahihi, nenda Mwenge. Tena ukienda chuo, nenda Mwenge pia.

Sasa hili la kisasa. Wengi tunadhani kuna vinyago vya asili vilivyokuwepo tangu enzi za mababu, halafu likaja dude la Kizungu linaitwa sanaa ya kisasa. Ule mtindo wa shetani, yale maumbo ya jicho moja na miguu iliyopinda ambayo kila mtalii anayaita ya kale, anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, na ilikuwa miaka ya 1950, hapahapa Dar es Salaam. Kuna wazee wanaoandika humu jukwaani wana umri kuuzidi. George Lilanga naye, mtu wa Masasi, aliyatoa mashetani yake kwenye mti mweusi akayatia rangi za kuwaka, mengine akayahamishia kwenye michoro, na hakuna aliyemwambia amepoteza Umakonde. Kwa hiyo ukiniuliza kisasa kilianza lini kwetu, nitakwambia kilianza kabla baba yako hajazaliwa, na kilianzishwa na watu ambao hawakukaa kwenye darasa la sanaa.

Safari ya Kampala ndiyo iliyonimaliza. Pale mjini kuna sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba, ya mwaka 1962: mwanamke aliyezungushiwa vitambaa kama amefungwa, anamwinua mtoto juu. Nilikuwa nimeiona kwenye picha nikadhani ni jiwe la thamani. Ni zege. Saruji ileile tunayojengea vyoo. Nilisimama chini yake nikiangalia zile fundo za vitambaa, nikajisemea kumbe sababu yangu ya kila siku kwamba "hatuna vifaa" ni uvivu tu. Chuo cha Makerere nako tukaona sanamu ya "War Victim", yaani mwathirika wa vita, ya Francis Nnaggenda: mwili wa mtu ulioharibiwa na vita, umechongwa kwenye mti mkubwa. Kuna mwenzetu mmoja, mropokaji kwelikweli, alipofika pale hakusema kitu hadi tunapanda basi.

Sasa kazi yangu ya mwisho, maana hapo ndipo swali lako la pili lilipo.

Nilitaka kutengeneza watu wa daladala. Mwanzo nilifikiria sanamu nzima nzima za abiria, nikakokotoa gharama, nikaacha. Siku moja nimeshika bomba kutoka Mbagala, gari limejaa hadi mlangoni, sioni uso wa mtu yeyote. Naona mikono tu. Mmoja wa bibi mwenye pete iliyobana kidole. Mmoja wa mwanafunzi, wino kiganjani. Mmoja una saruji kavu kwenye kucha. Nikashuka nikijua ninachotengeneza.

Mkono wa mtu hai unauchukua hivi. Kuna unga wanaotumia madaktari wa meno kuchukua alama ya meno, unaitwa aljineti. Unauchanganya na maji baridi kwenye ndoo, mtu anatumbukiza mkono, baada ya dakika chache umeganda laini kama jeli, anauchomoa polepole huku anachezesha vidole, ndani linabaki tundu lenye kila mstari wa ngozi. Humo unamimina plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukaganda. Mimi nilipitisha kipande cha bomba katikati ya ndoo, mtu anakishika, akichomoa mkono bomba linabaki, plasta inalikumbatia. Mkono unatoka umeshashika. Angalizo kwa wanaotaka kujaribu nyumbani: usitumbukize mkono kwenye plasta yenyewe. Plasta ikiganda inatoa joto la kuunguza, na kuna watu wamepoteza vidole.

Aljineti ni ghali, kwa hiyo kwenye plasta nikajifanya mjanja, nikanunua unga wa jipsam wa mafundi wa dari. Mikono minne ya kwanza ilitoka laini kama chaki, ukigusa kucha inabaki kidoleni mwako. Nikarudi kwenye plasta ya kweli, na hapo nikakosea kuchanganya: nilikuwa namwaga maji kwenye unga. Ni kinyume chake. Unanyunyiza unga kwenye maji kidogo kidogo hadi visiwa vianze kubaki juu, unaacha unywe maji, ndipo unakoroga taratibu mapovu yasiingie. Nilikuwa napata mikono yenye matundu ncha za vidole, kama imeliwa na panya. Na lile la mwisho, la aibu: mabaki nikayamwaga kwenye sinki. Yakaganda huko ndani. Chuo kikaniletea bili ya fundi bomba, na kwa wiki nzima wanafunzi wa uchoraji walikuwa wakipita wananiita "saruji".

Konda niliyemwomba alinishangaza. Alikaa dakika zote bila kutikisika, noti amezikunja kwa urefu kati ya vidole kama kawaida yao, tukazichukua na noti zake. Nilipomwonyesha plasta imetoka aliigeuza, akaiangalia kiganjani, akasema, "Mbona mkono wangu umechoka hivi?" Hakuwa anatania.

Ikafika siku ya kuonyesha kazi kwa walimu. Nilikuwa na mikono 11 kwenye bomba moja refu, nimelilaza juu ya meza yenye kitambaa cheusi. Nilijiona nimemaliza. Mwalimu akazunguka meza, akasema pole pole kabisa: "Hapa ni buchani." Darasa likacheka. Mimi nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliona kweli ni bucha: mikono imelazwa, unaitazama kutoka juu, unatafuta mizani iko wapi.

Nikalipandisha bomba. Nilikwenda kituoni na futi ya fundi, nikaingia kwenye Coaster iliyopaki, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye bomba, konda mwingine ananiuliza kama mimi ni wa mamlaka ya usafiri. Nikalitundika kwa urefu uleule, kwenye kona nyembamba ya ukumbi badala ya katikati, ili watu wakipita wabanane kidogo. Sikubadilisha hata kidole kimoja. Siku ya maonyesho nikawa nimekaa pembeni naangalia. Mtu anaingia, anatazama juu, na bila kufikiri mkono wake unapanda. Watu wazima, wenye heshima zao, wamesimama ukumbini wamenyoosha mikono juu, wengine wameacha inchi moja tu kabla hawajashika. Mama yangu alishika kabisa. Pembeni ya ule mkono wa bibi, akasimama hapo kama anasubiri kituo.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakifuata chuoni. Zile kelele za kila wiki za "kwa nini urefu huu, kwa nini kona hii, anayetazama amesimama wapi" nilizokuwa naziona ni ubishi wa watu waliokosa kazi, ndizo zilizotoa mikono ile buchani. Mzee wa Mwenge angenifundisha kuichonga vizuri kuliko nilivyoimimina. Sidhani kama angeniuliza itatundikwa wapi, kwa sababu kazi zake zinakwenda rafu ya duka, kisha rafu ya sebule ya mtu. Hiyo si dharau, ni soko lake lilivyo.

Na vyuma chakavu unavyovisema, vingi ni vibovu kweli. Usijilazimishe kuvipenda. Ila kabla hujaondoka vizunguke mara moja, uone kama vina mgongo.

Kuhusu hela sitakudanganya. Mama alipomaliza kushika bomba aliniuliza, "Sasa mwanangu, hivi vidole utamuuzia nani?" Hakuna aliyenunua. Kinachonilisha ni mapambo ya plasta kwenye dari na nguzo za nyumba za watu, mnyama wa saruji wa hoteli mara mojamoja, na kufundisha watoto Jumamosi. Ukimaliza, usikae nyumbani ukisubiri. Pitapita Nafasi Art Space pale Mikocheni, wapo wasanii wanaofanya kazi kila siku na utaona nani anahitaji mtu wa kumsaidia.

Mikono minane bado ninayo chumbani. Wa bibi nilimpelekea mwenyewe, akaufunika kwa kitambaa akisema unamtisha usiku. Mmoja ulivunjika kwenye maonyesho, kijana mmoja alining'inia. Wa konda alikuja kuuchukua na gari lake, akauweka mbele juu ya dashibodi, na nilipopanda gari hilo miezi kadhaa baadaye haukuwepo. Nikamuuliza. Akasema ulianguka Ubungo, dereva alipokanyaga breki. Nauli yangu akaichukua kama kawaida.