Kikanton: "laini" moja haitoshi

Mkuu, umeuliza kwa nini programu ya tafsiri inakupa neno moja tu la "laini", jyun5 (軟; namba ya mwisho ni toni ya sauti), wakati wenyeji wa Guangzhou, huko China, wanaosema Kikanton, unawasikia wakitumia mengine kibao. Nimekaa Xiaobei, mtaa wa hapo Guangzhou, miaka minne nikinunua nguo za watoto, na haya nimeyaokota mezani na madukani.

Anza na nam4 (腍). Wengi N wanaigeuza L, kwa hiyo utasikia "lam". Ni ulaini wa moto: nyama ya ng'ombe yenye mafuta na kano, imetokota saa kadhaa hadi inakatika kwa vijiti. Siku moja niliagiza samaki wa mvuke, minofu ikawa inavurugika mdomoni. Nikamwambia mama mwenye mgahawa kwamba ni nam4. Akashangaa: "Samaki huyu amekaa jikoni dakika nane, atakuwaje nam4?" Kijana wa meza ya jirani akanipa neno lenyewe, mui4 (霉): nyama iliyokwisha nguvu, aghalabu kwa kulala sana kwenye barafu. Mama alipolisikia hakubisha, akaondoa sahani.

Tangu siku hiyo, kabla ya kusema chochote, najiuliza kitu hiki kimelainishwa na nini. Viazi au mizizi ya yungiyungi ikiiva ikawa kama muhogo wetu wa unga, ni fan2 (粉), na fan2 yenyewe maana yake ni unga. Misuli iliyolegea kwa kukosa kazi ni soek3 (削). Nam4 inafika hadi kwenye tabia: mtu mpole, asiye na makuu, ni nam4 sin6 (腍善). Neno hili nalipenda kuliko yote. Tena wanarudufu kama sisi na tepetepe au rojorojo: jyun5 nam4 nam4 (軟腍腍).

Kwa biashara yako, shika mawili. Shuka au fulana inayopendeza mkononi ni jyun5 suk6 (軟熟), na mkate mpya pia. Mpira wa kiunoni uliolegea ni sung1 (鬆). Ukikataa kaptula za namna hiyo kwa kusema jyun5, muuzaji atakubali kwamba kitambaa kweli ni laini, kisha ataendelea kufunga mzigo.