Kupanua biashara ya nyumbani na mtoto bado ananyonya

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Naishi Oli, hapa Arua. Napika mandazi na sambusa nyumbani na kuuzia majirani na maduka. Wateja wameongezeka, nataka kukodi kibanda sokoni, lakini mtaji sina. Sacco yetu inakopesha kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Wifi yangu yuko tayari kunipa shilingi 1,000,000, ila anataka nimpe 50,000 kila mwezi, niuze nisiuze. Mwanangu ana miezi 7. Mume wangu anasema nimwachishe ziwa, anywe maziwa ya ng'ombe, ili niwahi sokoni alfajiri na faida isaidie kodi ya nyumba. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, Allah akukuzie mwanao na akubarikie riziki yako.

Naanza na ziwa, maana hapo kuna haki ya mtu asiyeweza kujisemea. Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka 2 kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Kuachisha kabla ya hapo kunajuzu, lakini kwa sharti lililomo humohumo katika aya: wazazi waridhiane na washauriane. Mume akiamua peke yake, hapajawa na mashauriano. Na wewe ukinyamaza ilhali moyo umekataa, hujaridhia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akianza sala akinuia kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kujua jinsi mama yake anavyoumia kwa kile kilio. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Ikiwa sala ya jamaa ilifupishwa kwa ajili ya mtoto, kibanda cha sokoni kinaweza kungoja. Hilo la maziwa ya ng'ombe mwende nyote wawili mkamuulize muuguzi wa kliniki ya watoto kabla hamjaamua lolote.

Kodi ya nyumba ni jukumu la mumeo. Aya hiyohiyo imemwekea baba chakula na mavazi ya mama kwa wema, na Suratut Talaq, aya ya 6, ikataja makazi. Unachochuma ni chako. Ukimsaidia kwa hiari yako una ujira mkubwa: Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alipouliza kuhusu kumpa mumewe katika mali yake, Mtume (s.a.w.) alijibu kuwa ana thawabu mbili, ya udugu na ya sadaka. Nayasema haya waziwazi kwa sababu naona wanawake wengi wakijitwika madeni kwa kudhani kodi ni yao, halafu usingizi unawapaa. Usiyafanye maneno haya fimbo ya kumchapia mumeo. Kama amebanwa, mwambie utasaidia kiasi gani, na ajue kwamba unasaidia.

Mkopo wa Sacco uache. Ni riba ya wazi, asilimia 36 kwa mwaka, na Allah ametangaza vita juu ya wala riba katika Baqara 279. Usijiambie ni dharura. Biashara yako inauza tayari, na watoto hawalali njaa kwa kukosa kibanda.

Pesa ya wifi ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ina sura ya undugu. Elfu 50 kila mwezi, uuze usiuze, kisha milioni yake irudi kamili: hiyo nayo ni riba, hata mkiiita ushirika. Lakini inaweza kugeuzwa halali, na wepesi wake utawashangaza. Fanyeni mudharaba. Yeye atoe mtaji, wewe utoe kazi, mgawane faida kwa fungu mliloafikiana, tuseme wewe 60 na yeye 40 katika kila mia. Mwezi ukibaki na faida ya 200,000 baada ya kulipia unga, mafuta na mkaa, wewe una 120,000 na yeye 80,000. Isipopatikana faida, hamdaiani. Mtaji ukipungua bila uzembe wako, hasara ni yake, nawe umepoteza jasho lako. Pesa yake usiichanganye na yako ya sasa. Iwe na daftari lake. Andikeni, mweke mashahidi, kama Baqara 282 inavyofundisha katika madeni. Wifi akiogopa hasara, basi akukopeshe mkopo mwema, umrudishie milioni yake ileile bila nyongeza.

Siku za mbele ukihitaji oveni kubwa, fahamu kwamba sheria ya Uganda iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2016, na mwaka 2023 Benki Kuu ikatoa leseni ya kwanza. Ulizia murabaha, yaani benki inanunua kifaa kisha inakuuzia kwa bei ya juu mliyokubaliana, nawe unalipa kidogo kidogo.

Kuhusu kibanda, rai yangu ni kwamba usikodi sasa. Kodi ya soko hailegezwi siku mtoto akiamka na homa. Panukia nyumbani: pokea oda usiku, maduka na shule zipelekewe asubuhi kwa bodaboda, na uajiri mwanamke mtu mzima wa kukusaidia saa za asubuhi, si msichana aliyetolewa shuleni. Patana naye ujira mapema na umlipe kabla jasho lake halijakauka.

Na karai la mafuta, dada yangu. Mtoto wa miezi 7 yuko mbioni kutambaa. Sigiri ikikaa chini uani, mkono wake utafika kwenye mpini kabla hujageuka. Jenga jiko la kimo cha kiuno, weka kizuizi mlangoni, na saa ya kukaanga mtoto ashikwe na mtu, asiachwe tu mkekani.

Mkishakubaliana, salini istikhara, sala ya kumwomba Allah awachagulie lililo la kheri, rakaa 2, kila mmoja kwa nafsi yake, kisha muanze. Msisubiri ndoto, hadithi ya sahaba Jabir inayofundisha sala hii haikutaja ndoto. Mtoto akitimiza miaka 2, zungumzieni tena kibanda.

Wallahu a'lam.