Maswali ya Wasomaji: Klachi ya Altezza Imenilemea, Je, Ninunue?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mtumishi wa umma, ninaishi Kisasa hapa Dodoma, na kwa miaka sita nimeendesha gari dogo la otomatiki. Sasa nimepata Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono ambayo mwenyewe anaiuza mkononi. Jumamosi iliyopita alinipa niijaribu kwa dakika kama kumi, kutoka Area D hadi Mlimwa na kurudi. Klachi ilikuwa nzito kiasi kwamba goti lilianza kutetemeka, inashikia juu kabisa wakati pedeli inakaribia kumaliza kurudi, na mara mbili injini ilinizimikia mbele za watu. Nilipouliza, mwenye gari alicheka, akasema gari la spoti ndivyo lilivyo, nitazoea. Rafiki yangu anasema klachi inayoshikia juu imekwisha na nisithubutu kutoa hela. Nani mkweli? Na nikipewa nafasi ya pili ya kuiendesha, niangalie nini? (Msomaji wa Kisasa)

JIBU: Marahaba. Kila mmoja wao ana nusu ya ukweli, na ndiyo maana usimfuate yeyote kabla hujarudi kwenye usukani. Uzito wa pedeli na mahali klachi inaposhikia ndivyo vitu ambavyo mguu huvitambua kwanza, lakini ndivyo vinavyotueleza machache zaidi kuhusu hali ya klachi yenyewe. Klachi mbovu ama inateleza pale inapotakiwa kushika, ama inang'ang'ania pale inapotakiwa kuachia, na hakuna hata moja kati ya hayo linalopimwa kwa mtetemeko wa goti.

Tuanze na goti hilo, kwa sababu huenda halina hatia. Mguu wako wa kushoto umekaa miaka sita bila kazi. Isitoshe, watu wengi hujaribu gari la mtu huku kiti kikiwa palepale alipokiacha mwenyewe, nao wakikaa mbali na pedeli huisukuma kwa ncha ya kidole, na wakikaa karibu mno hulazimika kunyanyua paja zima. Ukirudi, vaa viatu vya soli nyembamba, kisha kabla ya kuwasha injini sogeza kiti hadi uweze kuikanyaga pedeli mpaka mwisho huku goti likiwa bado limekunjika kidogo. Usishangae klachi ikiwa imepungua uzito kwa kitendo hicho tu.

Ikiwa bado ni nzito, hapo maneno ya muuzaji yanahitaji kuchunguzwa. Ni kweli kwamba injini yenye nguvu huhitaji presha pleti yenye springi kali zaidi ya kuibana klachi pleti (sahani inayopeleka nguvu kwenye giaboksi) kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini), na mguu wako ndio unaopambana na springi hiyo. Lakini Altezza RS200 ni gari la cc 2000 lisilo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), ambalo kiwanda kililitaja kuwa na nguvu farasi 210, na kwa maoni yangu klachi yake ya asili haina sababu ya kumtetemesha mtu mzima goti. Kwa hiyo yapo mambo mawili ninayoyashuku. La kwanza ni kwamba klachi pleti imelika, kwani pleti ikipungua unene vidole vya springi ya presha pleti hubadilika mwinamo na pedeli huzidi kuwa ngumu kidogo kidogo, kiasi kwamba anayeliendesha gari kila siku hatambui. La pili ni kwamba imefungwa klachi ya mashindano, ambayo huwa nzito na hushika ghafla kama swichi ya taa, jambo ambalo lingeeleza pia kwa nini injini ilikuzimikia mara mbili. Muulize aliifunga nani, na kwa nini. Mtu hafungi klachi ya namna hiyo kwa ajili ya kwenda sokoni Majengo. Ama aliongeza nguvu ya injini, ama alikuwa analichezesha gari kwa kulisereresha, na katika hali zote mbili giaboksi na difu (gia za kwenye ekseli) navyo vimeonja adha hiyo.

Kuhusu kushikia juu, rafiki yako amekariri kanuni ya magari yenye klachi ya waya. Klachi ya Altezza husukumwa na mafuta yaliyo ndani ya bomba, kama ya breki, na katika mfumo huo kulika kwa pleti hufidiwa na mafuta yenyewe, hivyo mahali pa kushikia hapahami sana katika sehemu kubwa ya maisha ya klachi. Zaidi ya hayo, juu ya pedeli kuna fimbo yenye nati ambayo fundi mwenye spana anaweza kuigeuza kwa dakika tano na kuhamisha mahali pa kushikia atakavyo. Basi fanya hivi: injini ikiwa imezimwa, inama na ubonyeze pedeli kwa vidole vya mkono. Milimita chache za mwanzo zinapaswa kuwa legevu, kabla hujakutana na ugumu. Ulegevu huo usipokuwepo kabisa, fimbo imekazwa kupita kiasi, klachi haiachiwi yote mguu unapoondoka, na hata pleti mpya itateleza na kuungua kwa kosa la nati moja. Ukiwa hapohapo chini, pitisha kidole pale fimbo inapoingilia kwenye ukuta wa injini. Kikitoka na unyevu, silinda ya juu, ile inayosukuma mafuta ya klachi, inavuja.

Mimi huihofia zaidi klachi inayoshikia chini, karibu na sakafu, na pedeli inayobonyea kama sifongo, kwa maana hiyo ina hewa ndani ya mafuta au silinda inayovuja. Lakini hilo si tatizo lako.

Kipimo chenyewe sasa. Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti uhakikishe ni baridi, kwa kuwa baadhi ya kasoro huonekana injini ikiwa baridi na nyingine huonekana ikishapata moto, nawe unataka kuziona zote. Washa, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi tano, kisha ingiza rivasi taratibu. Ikikwaruza, klachi haiachii vizuri. Halafu, kwenye sehemu tambarare, ingiza gia ya kwanza na uiachie klachi polepole bila kugusa mafuta. Gari linapaswa kuondoka kama mtumbwi unaosukumwa, na likiruka-ruka kama punda aliyegoma, ama pleti imeingia oili, ama flaiwili imeungua, ama maunti za injini (raba zinazoishikilia) zimechoka.

Kuteleza hakuonekani mjini. Sehemu kubwa ya mji wetu ni tambarare, na klachi iliyokwisha inaweza kukubeba kati ya Kisasa na Mtumba kwa miezi bila kulalamika. Toka nje ya mji, mwenye gari akiwa ameketi pembeni na bima ikiwa hai, tafuta mwinuko usio na watu, ingiza gia ya tatu au ya nne injini ikizunguka kama mara 2500 kwa dakika, kisha kanyaga mafuta yote na uutazame mshale wa mizunguko. Mshale na kasi vinapaswa kupanda pamoja. Usiachie mapema, kwa sababu injini hii hutoa msukumo wake mkubwa kabisa karibu na mizunguko 4800, na klachi dhaifu huweza kuvumilia hadi hapo ndipo isalimu amri. Ukishatazama, ondoa mguu. Usirudie mara kumi, gari bado si lako.

Nina sababu ya kusisitiza kipimo hiki. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari la spoti mkononi mwa mtu, na kilichonivutia hasa ni klachi yake, iliyokuwa laini kama pamba. Nililijaribu mjini tu. Wiki iliyofuata nilikuwa naelekea Iringa nikiwa na abiria watatu, tumeshaipita Mtera, tunaupandisha mlima Nyang'oro, na nilipokanyaga mafuta kulipita lori, mshale ukaruka kutoka 3000 hadi 4500 huku kasi ikishuka. Kisha ikaja ile harufu ya breki inayoungua, na abiria wa nyuma akauliza kama kuna mtu anachoma plastiki porini. Tulimaliza mlima kwa gia ya pili, tukipitwa hata na malori.

Wapo watakaokushauri uvute breki ya mkono, uingize gia ya tatu na uiachie klachi uone kama injini itazimika. Mimi sikipendi kipimo hicho, kwani klachi iliyobakiza kidogo tu hukifaulu, na ile mbovu unaichoma zaidi mbele ya macho ya mwenye mali.

Ukigundua inateleza, si lazima uliache gari. Kubadilisha klachi kunahitaji giaboksi ishushwe, na kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama ya ufundi iko hapo, badilisha klachi pleti, presha pleti na beringi kwa mkupuo, flaiwili ikaguliwe, na sili ya oili ya nyuma ya injini itazamwe kabla giaboksi haijarudi. Chukua makadirio ya vitu hivyo kutoka kwa fundi wako na si fundi wa muuzaji, kisha yaweke mezani mnapopatana bei.

SWALI: Fundi, nimetazama gari la gia za mkono ambalo likiwa nyutro linatoa mlio wa kusaga, lakini nikikanyaga klachi mlio unapotea. Dalali anasema ni klachi, jambo dogo. (Msomaji wa Kongwa)

JIBU: Ingekuwa beringi ya klachi, kwa kawaida mlio ungeanza unapokanyaga. Ukipotea unapokanyaga, maana yake kuna kitu kinachoacha kuzunguka pale klachi inapoachia, na mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi, ingawa flaiwili ya vipande viwili iliyochoka nayo huweza kugonga hivyo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo jambo dogo. Mwambie dalali kwamba kama ni dogo, mwenye gari alitengeneze kwanza ndipo urudi kuliangalia.