Usipime kipapasio ukasahau mwili

Siku niliyopima nyenje wa pangoni kwa mara ya kwanza, usingizi ulinipaa kwa furaha. Mwanza yetu ni mji wa mawe, na juu ya mtaa wetu kuna majabali yaliyoegemeana yakaacha pango ambalo hata saa sita mchana huingii bila tochi. Humo nilimkamata nyenje mwenye vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani anazopapasia njia, vya milimita 48. Mwenzake wa nje, kwenye majani, alikuwa na milimita 36. Nikaandika kwenye daftari: giza limerefusha vipapasio.

Kesho yake mdogo wangu akatazama picha. "Kaka, mbona huyu wa nje ni mdogo?" Tukapima miili: wa pangoni milimita 24, wa nje 18. Gawanya mwenyewe. Wote wawili, kipapasio ni mara 2 ya mwili. Nilichokuwa nimepima ni ukubwa tu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayetaka kuanza, usiandike urefu wa kipapasio bila urefu wa mwili pembeni yake. Pima na paja la mguu wa nyuma pia, maana vipapasio hukatika ncha na hutajua. Usimvute mdudu. Mfunike kwa kikopo kinachoonyesha ndani, juu ya karatasi ya grafu, mpige picha kutoka juu kabisa, kisha umwachie. Na mmoja hatoshi. Tafuta wengi, ndani na nje.

Angalia na umri. Kule Meksiko kuna samaki aitwaye Astyanax mexicanus. Wale wa mapangoni ni vipofu, lakini ndani ya yai macho huanza kuota kama kawaida. Baadaye lenzi hufa, jicho likadidimia na kufunikwa na ngozi. Ukimpima mapema mno utaapa kwamba anaona. Uzuri wake ni kwamba ndugu zake wenye macho bado wanaishi mitoni, na wakikutanishwa na wa pangoni huzaa. Ndiyo maana kulinganisha kwao kuna maana.

Nilipolielewa hilo nikarudi kwenye picha zangu. Nyenje wa nje alikuwa na mabawa yaliyokomaa. Wa pangoni, mkubwa kuliko yeye, hakuwa na hata dalili ya bawa. Yaelekea hawakuwa ndugu wa karibu. Sasa kila Jumamosi nageuza mawe upande wa ziwani, namtafuta nyenje asiye na mabawa anayeishi nje.